Ujana Huulizwa Peke Yake

Kocha wa chuo anayesajili wanariadha ana kazi mbili zinazogombania siku moja. Asubuhi yuko uwanjani na wale alio nao. Mchana na usiku anawatafuta wale atakaowahitaji mwaka ujao na mwaka utakaoufuata. Akiwa Iowa au Texas, na jicho lake liko Bonde la Ufa la Kenya, hata saa hazimwonei huruma: msimu wa baridi, saa nne ya usiku kwake ni saa moja ya asubuhi Gilgil, na mwalimu wa michezo anayetaka kuzungumza naye ndiyo kwanza anaingia shuleni. Ushauri anaopewa kocha huyu ni ule ule wanaopewa wakuu wa kazi zote. Panga wiki yako, tenga saa za simu, usipoteze muda kwa kijana asiyekufaa, waachie wasaidizi yale wanayoyaweza. Ni ushauri mzuri kwa kadiri yake, lakini unachukulia kuwa kweli jambo ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba muda unaopangwa ni mali ya yule anayeupanga. Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya muda anaoupanga kocha anayesajili si wake. Ni ujana wa watu wengine uliowekwa mikononi mwake, na mtu hawezi kuupanga vyema mpaka ajue ni wa nani na utadaiwa na nani.

Dini mbili zilizoenea kwetu zimeligusa jambo hili kwa undani kuliko vitabu vya uongozi. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mja ataulizwa Siku ya Kiyama kuhusu umri wake, kuhusu ujana wake, kuhusu mali yake na elimu yake. Ujana umo ndani ya umri. Aliyekwisha kuulizwa umri wote angedhani ujana umepita pamoja nao. Lakini unaulizwa peke yake, na naona sababu iko wazi: ndicho kipindi ambacho nguvu na nafasi hukutana, na hakuna miaka ya baadaye inayoweza kukilipia. Mtu atasema kwamba swali hilo anaulizwa kijana mwenyewe, si kocha. Hapo ndipo amri ya Sabato inapokuja na jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Katika Kutoka sura ya 20, pumziko la siku ya saba halikuamriwa kwa mwenye nyumba peke yake. Limetajwa pia kwa mwanawe na binti yake, mtumwa wake, mnyama wake, na mgeni aliye ndani ya malango yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inaongeza sababu: mtumwa apate kupumzika sawa na bwana wake, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Kwa maneno mengine, mwenye mamlaka juu ya siku za mwingine anawajibika kwa siku hizo. Mgeni aliye malangoni, kwa chuo cha Marekani, ni huyu kijana aliyetoka Nakuru kwa ndege na sanduku moja.

Yuko atakayeona haya yote ni kukuza jambo dogo, na kama anaishi Kariandusi ana ushahidi wa karibu. Pale kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, juu kidogo ya Ziwa Elmenteita, mwanaakiolojia Louis Leakey alianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kufukua mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa mawe ya volkano, mengine kwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Watafiti huyakadiria kuwa na umri wa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Hatua chache kutoka hapo unachimbwa udongo mweupe wa diatomaiti, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya ziwa lililokwisha kukauka. Mbele ya muda wa namna hiyo, miaka minne ya chuo ni nini? Nalichukua swali hili kwa uzito, kwa sababu kuna unyenyekevu wa kweli ndani yake. Hata hivyo linakosea mahali pa kupimia. Shoka moja lilichongwa na mtu mmoja katika sehemu ya siku moja ya maisha yake, na maisha hayo hayakurefushwa hata dakika moja kwa sababu jiwe limedumu. Thamani ya muda wa binadamu haipatikani kwa kuulinganisha na umri wa miamba. Inatokana na ukweli kwamba uko ndani ya mwili mmoja na haurudi. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu ukweli huo ni mkali zaidi, maana mwili humpa takriban muongo mmoja wa nguvu kamili, tangu miaka ya mwanzo ya ishirini hadi miaka ya mwanzo ya thelathini. Anayechukua miaka minne hapo amechukua karibu nusu.

Historia ya usajili wa Waafrika Mashariki katika vyuo vya Marekani inaonyesha kinachotokea kocha anapopanga muda wake kwa ustadi bila kuuliza muda huo ni wa nani. Miaka ya 1970 makocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na Ted Banks wa Texas El Paso walitambua jambo ambalo wenzao walichelewa kuliona. Kumkuza kijana wa Kimarekani wa miaka 18 mpaka aweze kushinda ubingwa wa vyuo huchukua miaka, na huenda asifike. Mkenya au Mtanzania wa miaka 24 aliyekwisha kukomaa alikuwa tayari siku anaposhuka kwenye ndege. Texas El Paso ilitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika mara sita kati ya 1975 na 1981. Mtanzania Suleiman Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo mwaka 1979 akiwa na miaka 26, akazishinda tena kila mwaka hadi 1982, na katikati ya hapo akaleta nyumbani medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Ukiitazama kama kazi ya kuokoa muda, hakuna mpango uliowahi kuupita huu. Miaka ya kukua ilikwisha kulipwa na wengine: wazazi, shule, jeshi, na walimu wa michezo ambao majina yao hayapo kwenye kombe lolote. Kocha alivuna bila kupanda, na wiki yake ikabaki na nafasi ya kumtafuta mwingine.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Henry Rono. Aliingia Jimbo la Washington mwaka 1976, na mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000 huko Berkeley mwezi Aprili, mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Seattle mwezi Mei, kisha mita 10,000 mjini Vienna na mita 3,000 mjini Oslo mwezi Juni. Sidhani kuna mwanariadha mwingine wa masafa aliyewahi kufanya lolote la kulinganishwa na hilo. Michezo miwili ya Olimpiki ya miaka yake, ya 1976 na 1980, Kenya iliisusia. Baadaye pombe ilimshika, na yeye mwenyewe aliandika habari hizo kwa uwazi na ushujaa katika kitabu cha maisha yake. Alifariki Nairobi Februari 2024 akiwa na miaka 72. Kusema kwamba kocha fulani ndiye aliyesababisha masaibu yake kungekuwa dhuluma, maana maisha ya mtu yana mikono mingi. Ninachosema ni kwamba kalenda iliyomtumia ilikuwa na nafasi ya kila shindano la chuo na haikuwa na nafasi ya miaka 10 iliyofuata. Ushindi ulikuwa wa pamoja, na miaka ya baada yake ikabaki yake peke yake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii ni kwamba vijana wale walifaidika, na walikwenda kwa hiari yao. Ni kweli, na asiyeikubali kweli hiyo hawaheshimu. Nyambui alirudi akawa kocha na kiongozi wa riadha Tanzania. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisomea New Mexico, akaendelea hadi shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 yeye na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP, mpango wa kuwaandaa wanafunzi Wakenya kuingia vyuo bora vya Marekani. Peter Rono alitoka chuo kidogo cha Mount St. Mary's, Maryland, akashinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Paul Ereng, mwanafunzi wa Virginia, akashinda mita 800 wiki hiyo hiyo. Lakini tazama faida hizi zinathibitisha nini. Zinathibitisha kwamba ujana uliowekwa amana unaweza kurudishwa ukiwa umeongezeka, na kwa hiyo kocha anao uwezo wa kuurudisha. Hazithibitishi kwamba hana deni. Na hiari ya kijana, ingawa ni ya kweli, haimwondolei mpokeaji wajibu; aliyekuachia mali yake kwa ridhaa yake bado anakudai. Tena hiari hiyo hutolewa na upande usiojua mengi. Kocha anajua ana nafasi ngapi na ameahidi wangapi. Kijana anajua jina la chuo tu, na kwamba kuna mtu amepiga simu.

Watunga sheria wa michezo ya vyuo walijaribu kuulinda muda wa mwanafunzi kwa kuuhesabu. Tangu 1991, kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, imesema mwanariadha wa daraja la kwanza asitumie zaidi ya saa 20 kwa wiki katika shughuli za michezo wakati wa msimu, wala zaidi ya saa nne kwa siku, na apewe siku moja ya mapumziko kila wiki. Kwenye karatasi ni Sabato iliyopewa tarakimu. Lakini siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu, hata kama kijana ameondoka alfajiri akarudi usiku wa manane. Safari haihesabiwi, tiba ya misuli haihesabiwi, na mazoezi yanayoitwa ya hiari hayahesabiwi, ingawa kila mkimbiaji anajua kocha anaona nani amekuja. Wanafunzi wenyewe wanapoulizwa na NCAA hutaja zaidi ya saa 30 kwa wiki. Sioni kwamba kanuni hii ni bure. Bila hiyo hali ingekuwa mbaya zaidi. Inachofundisha ni kwamba muda unaoandikwa na muda anaouishi mtu ni vitu viwili, na kocha anayeuliza tu kama ametimiza saa 20 anajibu swali la mkaguzi, si la kijana.

Hata hivyo, upotevu mkubwa wa ujana hautokei uwanjani. Hutokea kabla kijana hajafika, katika kungoja, na hapo watu wachache wanapaangalia. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika katika daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12.6 tu wa kugawanya, kuanzia warusha tufe hadi wakimbiaji wa masafa, na timu ya wanawake 18. Tangu 2025 vyuo vingi vimebadilisha hesabu hiyo kwa kuweka ukomo wa idadi ya wanamichezo badala ya ukomo wa ufadhili, lakini nafasi bado ni chache. Kocha mwenye nafasi mbili za wakimbiaji wa masafa huwasiliana na vijana 10 au zaidi, kwa sababu baadhi watakosa viza, wengine watachukuliwa na chuo kingine, na mmoja ataumia goti. Kwa kocha hiyo ni tahadhari ya busara. Kwa wale wanane ni mwaka. Kijana wa Gilgil humaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, na chuo cha Marekani huanza Agosti. Kanuni za NCAA zilizotumika muda mrefu zimempa mwaka mmoja baada ya shule. Akiendelea kushindana baada ya hapo, anaanza kupoteza misimu. Na kuna jambo jingine linalomfunga zaidi: miaka mitano aliyopewa kukamilisha misimu yake minne huanza kuhesabiwa siku anapojiandikisha kama mwanafunzi wa wakati wote katika chuo chochote, hata kisicho cha Marekani. Akijiunga na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro wakati anasubiri jibu, saa yake imekwisha kuanza. Kwa hiyo anashauriwa akae nyumbani, ajifue, asubiri. Mtu mmoja Texas anachelewa kusema hapana kwa sababu kusema hapana mapema kunampunguzia akiba, na nyumba moja ya Elmenteita inaahirisha maisha ya mtoto wake.

Huu ndio uzito wa suala zima kwangu. Maarifa ya kupanga muda humfundisha kocha kubaki na milango mingi wazi, na kila mlango ulio wazi kwake una mtu amesimama nje. Akiuchukulia muda kuwa mali yake, kuchelewesha jibu ni akili. Akikubali kwamba ni amana, kuchelewesha jibu bila sababu ni kutumia kilichowekwa kwake kwa faida yake. Tofauti hii inabadilisha hata orodha ya kazi za wiki. Simu ya kumwambia kijana kwamba hakuchaguliwa haimletei kocha pointi hata moja, na kwa kipimo cha kawaida ingekuwa ya mwisho. Kwa kipimo cha amana ni ya kwanza, kwa kuwa kila siku inayopita kabla haijapigwa inalipwa na asiyejua kwamba analipa.

Wapo wanaojibu kwamba Mwafrika hauoni muda hivyo, na kwamba kusubiri hakumuumizi kama kunavyomuumiza Mzungu. Kauli hii wakati mwingine hupewa heshima ya falsafa kwa kumtaja John Mbiti, mwanateolojia wa Kitui, ambaye katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alisema kwamba katika fikra za jadi muda ni matukio, kwamba una wakati uliopita mrefu na wa sasa, na karibu hauna wakati ujao wa mbali. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, na mimi naona alikuwa na haki: mfugaji anayetenga malisho ya kiangazi na mzazi anayeuza ng'ombe kulipa karo ya miaka minne wana wakati ujao mrefu wa kutosha. Lakini hata tukimkubalia Mbiti yote, hoja yake inamshtaki kocha badala ya kumtetea. Kama muda ni matukio, basi muda usio na tukio ni muda ambao mtu hakuuishi. Mbiti aliwatetea Waafrika waliodhaniwa wamekaa bure kwa kueleza kwamba wao ndio wanaouzalisha muda wao. Kijana anayengoja simu hazalishi chochote. Tukio lake limeshikwa na mtu mwingine, ng'ambo.

Umri ambao kijana huchukuliwa nao pia una neno lake. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, mji ulio juu ya ukingo wa Bonde upande wetu wa kaskazini, alipelekwa mwaka 2002 katika shule ya sekondari ya Sendai, Japani, akiwa na miaka 15. Alishinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32 akiwa na miaka 21, na Mei 2011 alifariki akiwa na miaka 24. Hapa tena sitamhukumu mtu. Nauliza tu kwa nini mfumo wa usajili una jicho kali la kuuona mwili uliokomaa mapema na hauna chombo cha kuona kama mwenye mwili huo amekomaa. Upande wa pili yuko Bruda Colm O'Connell, aliyefika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, akabaki kwa miongo mingi na kumlea David Rudisha hadi rekodi ya dunia ya mita 800. Mtu anayebaki mahali pamoja anaweza kumsubiri kijana. Anayesajili kwa msimu hawezi, na pengo hilo halitazibwa na programu yoyote ya kalenda.

Linabaki pingamizi la upande wa kocha mwenyewe, na ni la haki. Mkataba wake ni mfupi, mshahara wake unategemea nafasi ya timu, naye ana watoto wanaomwona usiku tu. Kumtwika mtu kama huyo amana ya vijana 10 wa nchi nyingine kunaonekana ukatili. Nakubali kwamba lawama kubwa ni ya chuo kinachompima kwa ushindi wa msimu. Lakini amana haifutwi na uchovu. Inadai tu kwamba anayetwikwa asaidiwe. Chuo kinaweza kumpa muda wa kujibu kama kinavyompa muda wa kutafuta, kwa sababu vyote viwili ni kazi moja. Na kinaweza kubadilisha kinachohesabiwa. NCAA huchapisha kwa kila timu kipimo cha maendeleo ya masomo na kiwango cha wanaohitimu, na vipimo hivyo vimewafanya makocha wawajali zaidi waliokwisha kusajiliwa. Walioachwa kwenye orodha ya kungoja hawamo katika kipimo chochote. Hawakuwahi kuandikishwa, kwa hiyo kwa mujibu wa takwimu hawakupoteza kitu. Kocha anaweza kuanza kuwaandika mwenyewe, bila kungoja kanuni: jina la kijana, tarehe ya simu ya kwanza, tarehe aliyoahidi jibu, na tarehe jibu lilipotolewa, ili mwalimu wa michezo wa Gilgil aweze kumwuliza mwezi Machi na apate la kuambiwa, kabla dirisha la maombi ya vyuo vikuu vya Kenya halijafungwa.